Nusukaputi na Ganzi: Maneno Mawili katika Historia ya Kutuliza Maumivu ya Upasuaji

Mtu wa Ugogo apelekwapo hospitali kupasuliwa, husikia maneno matatu kabla hajafikishwa mezani: nusukaputi, usingizi na ganzi. La kwanza husemwa zaidi na ndugu waliomsindikiza; la pili na la tatu husemwa na madaktari na wauguzi. Wengi huyatumia maneno hayo kana kwamba yote ni jina la dawa moja. Lakini kila moja lina asili yake na maana yake, na tofauti iliyomo kati yao si ya wanachuoni peke yao. Mgonjwa atakiwapo kukubali jambo litakalofanywa katika mwili wake, hulikubali kwa maneno aliyoambiwa. Na maneno yakichanganyika, ridhaa yake nayo huchanganyika. Makala haya yafuata historia ya nusukaputi na ganzi mpaka kwenye jambo la siku hizi, yaani kuziba mishipa ya fahamu ili kutuliza maumivu ya watu wanaopasuliwa kwa ajili ya kupunguza uzito.

Neno nusukaputi limeundwa kwa vipande viwili. Nusu lina asili ya Kiarabu, na limekuwamo katika Kiswahili kwa muda mrefu hata halihesabiwi kuwa geni. Kaputi hulinganishwa na neno la Kijerumani kaputt, ambalo hutumiwa kwa kitu kilichovunjika au kuharibika hata hakifai tena. Basi nusukaputi ni hali ya mtu aliyekwisha kuharibika nusu: hajafa, wala si mzima. Ni neno lenye mzaha wa kiaskari ndani yake, na pia lina hofu. Aliyelitunga alimwona mtu amelala, haitiki wala hashtuki kisu kinapopita, akasema amekufa nusu. Jina la hali hiyo likawa jina la dawa yenyewe, kwanza klorofomu, kisha kila dawa ya kumlaza mgonjwa.

Ganzi ni neno la namna nyingine. Halikuletwa na hospitali. Hospitali ililikuta likitumika. Matumizi yake ya zamani yaliyo maarufu ni yale ya meno: mtu akila ndimu, ukwaju au embe bichi, meno yake huingia ganzi. Katika Biblia ya Kiswahili, methali ya baba waliokula zabibu kali, iliyomo katika vitabu vya Yeremia na Ezekieli, imefasiriwa kwa neno hilohilo. Na wakaaji wa Dodoma, wenye mashamba ya mizabibu na miti ya ukwaju na mibuyu, hawahitaji kuelezwa maana yake. Kutoka menoni neno lilienea kwa viungo vingine. Aliyekalia mguu wake kwa muda mrefu husema mguu umekufa ganzi. Hapa pana kifo tena, lakini ni kifo cha namna nyingine. Katika nusukaputi anayekufa nusu ni mtu. Katika ganzi kinachokufa ni kiungo, na mwenye kiungo yu macho akikitazama. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kubwa katika elimu yote ya kuzuia maumivu, nayo imo katika lugha ya kila siku.

Upasuaji wenyewe haukuanza Afrika ya Mashariki kwa kuja kwa Wazungu. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa safarini katika nchi ya Bunyoro, alishuhudia mahali paitwapo Kahura mwanamke akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Habari zake alizichapisha Edinburgh mwaka 1884. Alieleza ya kuwa mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akawa katika hali ya kulewa, na ya kuwa pombe hiyohiyo ilitumiwa kuoshea mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa vijiti vya chuma na nyuzi za gome la mti. Mama na mtoto walipona. Basi waganga wa Bunyoro walijua ya kwamba mtu hupasuliwa vema akiwa amepunguziwa fahamu. Lakini njia yao, kama zilivyokuwa njia za Ulaya wakati huo, ilikuwa kumlevya mtu mzima. Ilikuwa nusukaputi kabla ya jina lake.

Huko Ulaya na Marekani dawa za kumlaza mgonjwa zilikuwa zimekwisha kujulikana. Tarehe 16 Oktoba 1846 William Morton alionyesha mvuke wa etha mjini Boston, na mwezi wa Novemba 1847 James Simpson alianza kutumia klorofomu mjini Edinburgh. Wajerumani walipoitawala Tanganyika, walijenga hospitali za namna yao, mojawapo ikiwa ile ya Ocean Road mjini Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1897. Bara walikuwa na boma la Kilimatinde, kwenye njia ya misafara iliyopita Mpwapwa na Ugogo kwenda Unyanyembe. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kupeleka Kiswahili bara kabla yao, kwa midomo ya wapagazi na wafanyi biashara. Mwaka 1910 reli ya kati ilifika Dodoma, na kwa reli hiyo watu, mizigo na maneno vilisafiri kwa wepesi zaidi. Utawala wa Wajerumani ulikoma katika vita vya 1914 hadi 1918, na Dodoma yenyewe ilitwaliwa na majeshi ya upande wa Waingereza mwezi wa Julai 1916. Lakini kaputi lilibaki. Ni katika maneno machache ya Kijerumani, pamoja na shule, yaliyokaa katika Kiswahili yakasahauliwa ugeni wake.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika miaka ileile, Ujerumani na nchi jirani zilikuwa shamba ambamo elimu ya ganzi ilipandwa. Mwaka 1884 Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, alionyesha ya kuwa maji ya kokaini yakidondoshwa jichoni, jicho hupasuliwa mgonjwa akiwa macho asione maumivu. Habari hizo zilipofika New York, William Halsted na wenzake walichukua hatua ya pili, nayo ndiyo chanzo cha jambo tunalolichunguza: hawakutia dawa mahali pa kukatwa, bali waliichoma karibu na mshipa wa fahamu unaopeleka habari za mahali hapo, kama vile mshipa wa taya. Mshipa ukizibwa, nchi yote inayohudumiwa nao hunyamaza. Halsted alijijaribia dawa hiyo mwilini mwake, na kokaini ikamfanya mtumwa wake. Aliteseka kwa dawa za kulevya kwa muda mrefu wa maisha yake. Hivyo elimu ya ganzi ilizaliwa pamoja na onyo lake.

Tarehe 16 Agosti 1898, mjini Kiel, August Bier alimchoma mgonjwa sindano ya kokaini katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, akampasua kifundo cha mguu bila ya kumlaza. Siku chache baadaye yeye na msaidizi wake, Hildebrandt, walijaribiana wenyewe. Jaribio la Bier halikufaulu, kwa kuwa maji mengi yalivuja. La Hildebrandt lilifaulu hata akapigwa miguuni na kuunguzwa kwa sigara asisikie. Jioni walikula na kunywa kwa furaha, na siku zilizofuata wote wawili waliumwa vichwa vibaya sana. Maumivu hayo ya kichwa, yaletwayo na kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo, yajulikana mpaka leo. Baadaye Heinrich Braun alionyesha faida ya kuchanganya dawa ya ganzi na adrenalini ili ikae mahali pake, na Alfred Einhorn akatengeneza prokaini, isiyo na utumwa wa kokaini. Wasweden wakafuata: Nils Löfgren na Bengt Lundqvist walipata lignokaini mwaka 1943, na Bo af Ekenstam akatengeneza bupivakaini mwaka 1957, ambayo nguvu yake hudumu kwa saa nyingi. Basi taifa lililoachia Kiswahili neno la kifo cha nusu, ndilo lililokuwa likijifunza wakati uleule kuua maumivu ya kiungo kimoja na kumwacha mtu mzima. Kiswahili hakikuhitaji kuazima jina la elimu hiyo ya pili, ganzi lilikuwapo.

Katika nyanda za kati, kazi kubwa ya upasuaji kwa miaka mingi ilifanywa na hospitali za serikali na za misheni, kama ile ya Mvumi. Hospitali za namna hiyo zilihitaji njia zisizotegemea mitambo mingi. Ndiyo sababu etha ilidumu katika nchi za joto baada ya kuachwa Ulaya, hasa kwa chombo kilichobuniwa Oxford na Epstein na Macintosh katika miaka ya 1950, ambacho hutumia hewa ya kawaida badala ya gesi za mitungi. Baadaye ilikuja ketamini, iliyotengenezwa mwaka 1962, ambayo humlaza mtu kwa sindano bila ya kumzuia kupumua kama dawa nyingine. Na sindano ya mgongo, ile ya Bier, ikawa njia ya kawaida ya kuwapasua akina mama wasioweza kujifungua wenyewe.

Kwa hiyo wanawake wengi wa Tanzania wameijua ganzi ya mishipa ya fahamu kwa kuzaa. Maoni yao juu yake yapaswa kusikilizwa na mchunguzi wa lugha. Wengi huiita sindano ya mgongo, na maumivu yoyote ya mgongo yanayowapata miaka mingi baadaye huyahesabu kuwa ni yake. Uchunguzi wa madaktari haukuthibitisha ya kuwa sindano hiyo huleta maumivu ya mgongo ya miaka. Mimba yenyewe, kubeba mtoto na kazi za kuinama zina sehemu kubwa zaidi. Lakini jina limefanya kazi yake. Limetaja mahali sindano ilipoingia, halikutaja sindano ilifanya nini; na penye jina la mahali, lawama hupata pa kukaa.

Sasa historia hii imefika mahali papya. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973. Serikali ilihamia kwa nguvu tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Mahali palipojulikana kwa njaa na ukame pamekuwa pia mahali pa ofisi, magari na chakula cha kununua. Badiliko hilo si la Dodoma peke yake. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta ya kuwa wanawake 28 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na 10 kati ya hao 28 walikuwa wamefika daraja ya unene wa kudhuru. Pamoja na unene huo huja kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya viungo.

Upasuaji wa kupunguza uzito ulianza Marekani. Mwaka 1954 Kremen na Linner walieleza njia ya kufupisha safari ya chakula katika matumbo. Mwaka 1966 Edward Mason, katika jimbo la Iowa, alianza kuugawa mfuko wa chakula ili sehemu ndogo tu ipokee chakula. Njia inayotumiwa sana siku hizi ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko huo, zaidi ya robo tatu, ukabaki kama mrija. Hufanywa kwa vyombo virefu vinavyoingizwa katika matundu madogo ya tumbo. Nchini Tanzania, hospitali ya Mloganzila ilianza mwaka 2022 kuwawekea watu puto ndani ya mfuko wa chakula ili wale kidogo, njia isiyohitaji kisu. Nayo hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015, imekwisha kufanya tangu mwaka 2018 kazi ngumu ya kupandikiza figo. Kwa hiyo swali la kumtunza mgonjwa mwenye uzito mkubwa baada ya kupasuliwa si swali la nchi za mbali.

Ugumu wa swali hilo umo katika pumzi. Mtu aliyepasuliwa tumbo huumwa, na dawa kuu ya maumivu hayo kwa muda mrefu imekuwa mofini na jamaa zake, zitokanazo na afyuni. Dawa hizo hutuliza maumivu, lakini pia huupunguzia ubongo bidii ya kuamrisha pumzi. Watu wengi wenye uzito mkubwa tayari hukatikwa na pumzi usingizini, kwa kuwa njia ya hewa kooni hubanwa. Wakipewa mofini nyingi, usingizi wa kawaida waweza kugeuka kuwa hatari. Wakinyimwa, maumivu huwazuia kuvuta pumzi kwa kina, kukohoa na kuinuka kitandani; mapafu yao hudhurika, na damu yaweza kuganda miguuni. Daktari yumo baina ya madhara mawili. Hapo ndipo nusukaputi, hata ikifanywa kwa dawa bora za leo, isipotosha: imemvusha mgonjwa wakati wa kisu, lakini haina la kumfanyia aamkapo.

Ganzi ndiyo inayofanya kazi katika saa hizo. Mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo hutoka katika mgongo, kutoka pingili za chini za kifua mpaka ya kwanza ya kiuno, nayo hupita mbavuni kwenda mbele kati ya matabaka mawili ya misuli. Mwaka 2001 A. N. Rafi alieleza njia ya kuifikia mishipa hiyo kwa pamoja, kwa kuchoma sindano ubavuni, katika pembetatu ndogo yenye jina la mpasuaji wa Kifaransa Jean-Louis Petit, na kuimimina dawa kati ya matabaka hayo. Daktari aliitafuta pembetatu hiyo kwa kidole, na sindano ikamjulisha kwa kushtuka ilipopenya kila tabaka. Lakini kwa mtu mnene kidole hakikuti kitu; pembetatu imefunikwa. Mgonjwa mwenye haja kubwa zaidi ya njia hiyo ndiye iliyemshinda.

Msaada ulitoka katika mashine ya ultrasaundi, ileile inayowaonyesha akina mama watoto wao. Mwaka 2007 Peter Hebbard na wenzake, huko Australia, walieleza namna ya kuyaona matabaka ya misuli kwa mashine hiyo na kuiongoza sindano kwa macho. Dawa ikifika mahali pake huonekana ikiyatenga matabaka kama maji yanayoingia kati ya kurasa mbili. Mwaka 2016 ikaelezwa njia nyingine, ya kumimina dawa chini ya misuli inayousimamisha mgongo. Hata hivyo mafuta mengi huipunguzia mashine nguvu ya kuona, na mkono usiozoea hupotea.

Yafaa kusema pia ganzi isiyoyaweza. Ukuta wa tumbo ukitulizwa, maumivu ya ndani ya viungo vyenyewe hubaki, kwa kuwa yana njia nyingine. Mgonjwa aliyeahidiwa kutoumwa kabisa atajiona amedanganywa. Tena dawa haipimwi kwa uzito wote wa mtu, maana mafuta si nyama. Daktari akihesabu kwa mizani tu, aweza kuzidisha, na dawa ya ganzi ikizidi katika damu huleta degedege na kuusimamisha moyo. Dawa ya kuokoa hali hiyo, yaani maziwa ya mafuta yatiwayo mshipani, iligunduliwa katika majaribio ya Guy Weinberg yaliyochapishwa mwaka 1998. Nayo yapaswa kuwapo mahali sindano inapochomwa, si katika ghala ya mji mwingine.

Katika upasuaji huu, basi, ganzi haikuja kuondoa usingizi, bali kufuatana nao. Fikira hiyo si mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 George Crile, mpasuaji wa Cleveland, alifundisha ya kuwa mtu alazwe na mishipa yake izibwe pia, kwa sababu mwili unaumia hata mwenyewe asipojua. Na hapa ndipo lugha inapodaiwa deni. Mgonjwa atokaye Bahi au Mvumi, ambaye nyumbani husema Cigogo, huelezwa mambo haya kwa Kiswahili. Akiambiwa atachomwa ganzi, aweza kuogopa ya kuwa atakuwa macho akipasuliwa. Akiambiwa nusukaputi, aweza kudhani amekubali kuuawa nusu. Akiambiwa sindano ya mgongo, hukumbuka maneno ya shangazi yake, akakataa kitu ambacho hakikukusudiwa.

Dawa ya mchafuko huo haihitaji maneno mageni. Madaktari wa Tanzania wamekwisha kuchagua vema, kwa kuiita kazi yao ya usingizi na ganzi, maneno mawili kwa mambo mawili. Usingizi ni wa mtu: hulala, huamka. Ganzi ni ya kiungo: huingia, huisha. Kilichobaki ni kuitaja ganzi kwa mahali inapotuliza, si kwa mahali sindano ilipopenya: ganzi ya miguu na kiuno, ganzi ya mkono, ganzi ya ukuta wa tumbo. Mgonjwa akiambiwa, “Utalala usingizi wakati wa kupasuliwa, na ukuta wa tumbo lako utatiwa ganzi ili utakapoamka uweze kuvuta pumzi, maumivu kidogo ya ndani yatabaki, nasi tutayatazama,” ameambiwa yote, kwa maneno aliyoyajua tangu alipokula ukwaju utotoni.

Nusukaputi litabaki katika kamusi, na ni haki yake, kwa kuwa ni kumbukumbu ya wakati watu walipokiona kitanda cha mpasuaji kama mlango wa kaburi. Lakini si neno la kumpa mtu kalamu atie sahihi. Neno la kale kuliko hilo, lililozaliwa menoni mwa wala ndimu na ukwaju, limekuwa tayari likingoja kazi yake.